Birika la Uzi

Jumatatu, 2 Agosti 1976. Arua.

Leo nimeharibu birika la Kaltumu, mke wangu. Naandika hapa kwa sababu daftari halisemi.

Kosa si langu lote. Sabuni imepotea mjini tangu Juni. Kaltumu amekwenda matangani Manibe, atalala huko siku mbili. Nikaona nafasi. Nichemshe mafuta ya ng'ombe na maji ya majivu, nitoe sabuni, arudi anikute mume wa maana. Sufuria ilikuwa na maharage. Birika lilikuwa tupu juu ya kabati, tena lina mdomo. Sabuni ingemiminika vizuri kwenye makopo. Nilifikiri kwa makini sana. Nataka hilo lijulikane.

Kisha Zubeiri akaniita kwenye ua. Zubeiri ni jirani, fundi wa baiskeli, anajua kila kitu isipokuwa baiskeli. Akalalamika kwamba karabai niliyomtengenezea inanguruma. Nikamweleza kwamba mimi ni fundi wa karabai miaka ishirini, na karabai isiyonguruma imekufa. Tulibishana kidogo. Niliporudi, mdomo wa birika ulikuwa umedondoka motoni, na tumbo lake lilikuwa na tundu la kupitisha kidole gumba. Sabuni hakuna. Harufu ipo.

Na birika hili si chombo cha kuchezea. Bibi yake Kaltumu alitoka nalo Sudan kwa miguu, amelifunga mgongoni, mtoto wake anamfuata nyuma. Likaenda kwa Mama Afisa, mama mkwe wangu wa Koboko. Afisa ni jina la kike huku kwetu, lakini kwake yeye maana zote mbili zinafaa. Mama Afisa akampa Kaltumu siku ya harusi yetu. Miaka kumi halijaguswa na maji. Kaltumu hulifuta vumbi kila mwaka, siku moja kabla ya Ramadhani, huku akiliimbia.

Ramadhani ni mwisho wa mwezi huu.

Jumanne, 3 Agosti.

Nimejaribu kuziba tundu kwa risasi ya kuyeyusha. Kazi hiyo naijua, nimeziba karabai za nusu ya mji. Tundu lilikuwa kama kidole gumba. Sasa ni kama yai la kuku. Nimeacha kabla halijawa la bata.

Bahati yangu ni moja. Nyumba hii, kila kitu kimevaa nguo. Kaltumu anafuma kwa sindano ya kroshia tangu anapoamka. Redio ina gauni, na vitufe vyake viwili vimetokeza kifuani, mahali ambapo wageni hucheka na mimi huona haya kusikiliza habari. Pipa la maji lina kofia na uso wa shanga, jicho moja limekonyeza. Chupa ya chai ina sketi. Miguu ya meza ina soksi nne za rangi nne. Kopo la chumvi, ambalo halina chumvi, lina mkungu wa ndizi wa shanga unaoning'inia. Watu hutoka hata Aroi kuja kuitazama nyumba yetu.

Birika limevalishwa kuku. Kuku mwekundu wa uzi, macho ya shanga nyeusi, anaatamia birika lote mpaka chini. Mdomo wa birika unaingia kwenye shingo yake.

Basi hakuna anayeliona birika. Anaonekana kuku tu. Nimechukua boga la ukubwa uleule, nikamkalisha kuku juu. Shingo ilikosa mdomo ikalala kando, kuku akawa kama mgonjwa. Nikatia gunzi la mahindi shingoni. Amepona.

Jumatano, 4 Agosti.

Kaltumu amerudi. Amemtazama kuku, akasema birika linaonekana limenenepa. Nikasema labda ni kwa sababu ya mvua. Akacheka peke yake, akasema mwaka huu kila kitu katika nyumba hii kinanenepa. Sikuelewa, nikacheka pia.

Kisha akasema ana neno la kuniambia, nikae. Nikajua ni birika. Nikasema kuna karabai inanisubiri sokoni. Nikatoka bila viatu.

Alhamisi, 5 Agosti.

Nimekwenda Inde sokoni kwa baiskeli kutafuta birika jingine la bati jeupe lenye maua ya buluu. Mwendo mrefu, mvua njia nzima. Tangu maduka makubwa yafungwe, vyombo vya namna hiyo havipatikani. Nimepata mzee mmoja mwenye mdomo wa birika. Mdomo peke yake. Anautumia kumimina mafuta ya taa. Hakutaka kuuachia.

Wakati wa kurudi nikapata wazo. Mji mzima unajua kwamba chochote kinaweza kufumwa. Mke wangu amefuma kuku. Kwa nini mimi nisifume birika? Siku Kaltumu atakapomwinua kuku kulifuta vumbi, ataona jeupe, ataona maua, ataona mdomo. Yeye huimba akiwa amefumba macho. Hata ilani ya serikali haisomwi kwa makini zaidi ya hapo.

Jumamosi, 7 Agosti.

Nimepata mwalimu. Filda, mwanamke wa Aroi, anauza nyuzi sokoni, alijifunza kwa masista. Nimemwambia nataka kumshangaza mke wangu. Huo ni ukweli mtupu. Nitamtengenezea taa, yeye atanifundisha.

Somo: unafuma mnyororo mdogo, unaufunga duara, unazunguka. Kila mzunguko lazima uongeze vitanzi. Ukisahau kuongeza, duara linajikunja linakuwa kikombe. Ukizidisha, linakunjamana kama kabichi. Siku ya leo nimetoa kikombe kimoja na kabichi mbili. Filda amesema, "Hamuza, mkono yako iko nzito kama ya mutu nachimba kaburi." Wauza nyanya wote wamesikia.

Nyumbani nimemkuta Kaltumu anamega udongo wa ukutani na kuula. Chumvi imekuwa shida kweli. Nilimhurumia sana, nikamwambia akimaliza upande ule asiguse nguzo.

Jumatatu, 9 Agosti.

Hatari.

Mogga, dereva wa lori la Koboko, amesimama mlangoni kwangu, injini inawaka, akapiga kelele kwamba ana salamu. Nayaandika maneno yake kama yalivyokuja: "Mama Afisa iko nakuja Jumamosi. Anasema anataka kuona ile tumbo na macho yake." Akaondoka.

Ile tumbo! Maili thelathini na zaidi kutoka hapa, na amekwishajua ni tumbo. Hakusema mdomo. Hakusema mkono wala kifuniko. Mtu amempelekea habari kamili.

Aliyekuwa uani siku ile ni mmoja tu. Nimekwenda kwa Zubeiri, nikamuuliza usoni kama amesema lolote kwa watu kuhusu tumbo. Akanishika mkono kwa mikono miwili, akatabasamu mpaka magego yakaonekana. Akasema mtaa mzima unajua, Medina mke wake ndiye aliyemwambia, na kwamba wananipongeza. Wananipongeza! Nikamweleza kwa ukali kwamba ilikuwa bahati mbaya tu, nilikuwa natengeneza sabuni. Akaniachia mkono. Akasema kila mtu ana njia yake.

Sitamtengenezea karabai tena huyu mtu.

Jumanne, 10 Agosti.

Nafuma ndani ya kibanda changu cha kazi, mlango nimeufunga kwa kitambaa. Wateja wakija nasema nina dawa inayolipuka mezani. Tumbo limekamilika saa nane mchana. Nimelivalisha boga jingine likae umbo. Mdomo nimeuzungushia gunzi jingine. Kumbe kuna raha yake. Unavuta kitanzi, kinatoka kingine, hakuna anayekuuliza kitu.

Kaltumu amekuja mpaka mlangoni, akasema kwa sauti ya chini kwamba ni lazima tuongee kabla mama yake hajafika. Nikapiga kelele kwamba dawa italipuka. Akaenda zake. Nilisikia anavyoburuta kandambili, mwendo wa mtu aliyechoka. Nilijichukia kidogo, kisha nikaendelea na mkono wa birika.

Jumatano, 11 Agosti.

Leo nimegundua moyo wa mke wangu.

Nilikuwa natafuta uzi wa buluu ndani ya kikapu chake. Chini kabisa, amevifunga ndani ya leso, nimekuta vifuko viwili vidogo vyeupe, vimefumwa kwa uzi mwororo, vina mdomo wa kufunga kwa kamba nyembamba. Fundi wa karabai yeyote angevijua. Ni vile vifuko vinavyofungwa katikati ya karabai, vinavyowaka mpaka viwe vyeupe na kutoa mwanga. Mjini havipo tangu mwaka jana. Karabai kumi na moja zimelala kibandani kwa kukosa vifuko. Na yeye ameona, akakaa kimya, akanifumia.

Machozi yalinilenga. Mwanamke huyu namharibia birika, naye ananitafutia riziki.

Nilichukua kimoja nikakijaribu. Nikakifunga, nikapampu, nikawasha. Kiliwaka chote mara moja, kikanuka nywele, kikadondoka. Uzi haufai. Nitamwambia polepole, nisimvunje moyo.

Jioni amefungua kikapu, akakuta kimoja. Akauliza. Nikasema panya. Kaltumu akakaa chini, akalia. Analilia kifuko kimoja, na hakulia alipopoteza pete. Nikamwambia kwa upole asijali, hata hivyo kisingefaa, kingeungua. Akaacha kulia akaniangalia kwa namna ambayo sikuipenda. Nimelala nikiwa nimegeukia ukuta. Nilijisikia vibaya kweli.

Alhamisi, 12 Agosti.

Birika la uzi lililegea kama soksi. Filda amesema masista hukazia vitambaa kwa uji mzito wa muhogo. Unachovya, unakamua, unaanika likiwa juu ya umbo lake, linakauka gumu. Nikafanya. Nikalianika juu ya kichaka. Kuku wa Zubeiri wakaja kula muhogo, wakadonoa mdomo. Nikaufuma upya. Mvua ikanyesha. Nikachovya upya. Nikalikausha kwa karabai, nimekaa mbali, nimeshika kata ya maji. Kuna mambo nimejifunza.

Ijumaa, 13 Agosti.

Limekamilika. Baada ya swala ya Ijumaa nimemalizia maua. Boga nimelitoa vipande vipande, birika limebaki tupu ndani, limesimama lenyewe. Ukiligonga linatoa sauti kama kadibodi. Kifuniko kinafunguka. Maua ni ya buluu, matano upande huu, manne upande ule. Nilikaa nalitazama muda mrefu. Kwa kusema kweli ni zuri kuliko la bati. Nikasahau kabisa kwamba ni uwongo.

Limekaa ndani ya kuku. Kuku hajawahi kuwa na afya namna hii. Maboga tumekula.

Kaltumu hajaniambia neno jana na leo. Nikaona nimeshinda.

Jumamosi, 14 Agosti.

Niandike kwa utaratibu.

Mama Afisa amefika kwa lori la Mogga saa nne, na mfuko wa ufuta na kuku hai wawili. Mkwe hakai uso kwa uso na mama mkwe wake, hiyo ni adabu, nami sijapata kuipenda adabu kama leo. Nikamsalimia nikiwa chumbani, nyuma ya pazia la shanga alilotunga Kaltumu. Akaitikia. Akauliza hali ya mwili wangu. Nikasema mzima. Nikabaki hapo nikichungulia.

Wakakaa. Wakasemezana kwa sauti ya chini. Kisha Mama Afisa akasema kwa sauti kubwa, nafikiri ili nisikie, kwamba katika ukoo wao birika lile linatiwa chai mara moja tu kwa kila binti, na mama yake ndiye anayemimina, na leo ndiyo siku. Alisema na sababu, lakini masikio yangu yalikuwa yanapiga ngoma. Chai! Mimi nilijiandaa kwa macho. Sikujiandaa kwa chai.

Macho ya Mama Afisa yana utando siku hizi. Akamwinua kuku kwa heshima. Akalipapasa birika. Akasema, "Maua bado iko sawa." Kaltumu alikuwa amegeuka kuchukua vikombe. Mama Afisa akafungua kifuniko, akachukua sufuria ya chai ya maziwa inayochemka, akamimina. Akasubiri. Akamimina tena. Akasema, "Birika hii iko na kiu sana."

Muhogo ukikutana na maji ya moto unarudi kuwa uji. Filda hakunieleza hilo. Sikumuuliza. Kwanza mdomo uliinama, polepole, kama mtu anayesinzia kwenye mkutano. Kisha mabega. Kisha birika zima likakaa chini juu ya meza, chai ikaenda kila upande, na soksi za meza zikaanza kulowa.

Kaltumu akageuka. Sikuweza kuvumilia. Nikatoka mbio, pazia likanikamata sikio, kamba mbili zikakatika, shanga zikamwagika sakafuni. Nikapiga magoti katikati ya shanga na chai, nimefunika uso kwa adabu. Nikasema yote. Kwamba ndiyo, lile tumbo ni kazi yangu. Kwamba sikukusudia. Kwamba lilikuwa jambo la mara moja, mke wangu akiwa hayupo, na Zubeiri naye ana lawama yake. Kwamba nilijaribu kulificha lakini najua mtaa mzima umeshajua.

Shanga moja ilikuwa bado inaviringika.

Mama Afisa akasema, "Hamuza. Kaltumu akiwa hayupo, namna gani?"

Kisha Kaltumu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akaja akanichukua mkono, akauweka juu ya tumbo lake. Nikadhani ananionyesha pale chai ilipomuunguza. Nikauliza kama nilete mafuta. Mama Afisa akakata tamaa na adabu, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza katika miaka kumi. "Iko na mimba," akasema. "Miezi nne. Mji yote najua. Wewe peke yako ndio hujui."

Nikakaa. Nilikaa ndani ya chai ya moto na sikuhisi.

Miaka kumi. Nilikuwa nimeacha hata kuomba, nikiona ni kumsumbua Mungu. Nimefurahi mpaka nimeogopa. Kaltumu akasema alijaribu kuniambia mara mbili nikamkimbia. Akasema wasiwasi wake mkubwa ulikuwa kwamba najua na sitaki. Hilo limenichoma kuliko chai. Nikamwomba radhi mbele ya mama yake, nikalia kidogo.

Kisha nikakumbuka vile vifuko viwili vyeupe. Nikauliza vilikuwa vya nini. Akasema soksi. Nikanyamaza kuhusu panya.

Akataka kuliona birika la bati. Nikalileta kutoka chini ya vyuma chakavu. Akalishika, akatia kidole kwenye tundu. Mimi ningependa zaidi anipigie kelele. Lakini Mama Afisa akalichukua, akalipapasa, akalipeleka karibu na jicho. Akatuuliza kama tunajua mtoto yule aliyetembea kutoka Sudan alikuwa nani. "Mimi ndio ile mtoto," akasema. "Mimi nilitembea na miguu. Birika ilipanda mgongo ya mama. Kila siku nalia, mama nasema birika haina miguu." Akaliweka chini, si kwa upole. Akasema alilifuta vumbi miaka hamsini kabla ya kumpa Kaltumu, na hakulipenda hata siku moja. Akamgeukia Kaltumu. "Sasa mgongo iko wazi."

Kaltumu akalia tena, lakini kilio kingine. Baadaye akalikamua birika la uzi, akalitazama mbele na nyuma. Akauliza nani amefuma. Nikasema mimi. Akasema vitanzi vya mdomo vimekazwa mno, na upande mmoja umekosa ua. Kisha akalianika. Atalikazia upya, akasema, na litakaa juu ya kabati bila kuku, watu walione.

Jumatano, 18 Agosti.

Nyumba imekuwa kama soko. Watu wanakuja kuona tumbo na birika, kwa mfuatano huo. Filda amekuja, amelisifu, na kusema kwa wote kwamba mwanafunzi ni wake. Zubeiri amekuja, amezunguka kabati mara mbili, amesema yeye angeweza kufuma baiskeli. Nimemwambia afume, labda ile itatembea.

Nimefuma soksi moja nyeupe kwa siri, kulipa ile ya panya. Imetoka kabichi. Kaltumu ameikuta, akaivalisha kijiko.

Jumatatu, 23 Agosti.

Mogga ameleta zawadi kutoka kwa Mama Afisa. Birika jipya. La shaba, kubwa, zito, linang'aa. Salamu zake: hili si la kuweka juu ya kabati, hili ni la kuchemshia maji ya mtoto. Kaltumu amelikumbatia kama mtu. Ameanza kulipimia nguo. Nafikiri atakuwa tembo, kwa sababu ya mdomo. Kisha amekwenda Manibe kumwonyesha shangazi yake tumbo. Atarudi kesho. Ameniambia nisiguse kitu.

Nimebadilika sana mwezi huu. Zamani nilikuwa mtu wa haraka. Sasa nafikiri kwanza. Kwa mfano, leo nimekaa nikamfikiria mtoto. Mtoto ataoshwa kila siku. Nepi zake zitafuliwa kila siku. Na mjini bado hakuna sabuni.

Mafuta ya ng'ombe yale yalibaki. Majivu yapo. Kosa la mara ya kwanza nimelijua: bati ni jembamba. Shaba ni kitu kingine kabisa.

Sufuria ina maharage.

Nimeshawasha moto. Maji yameanza kutoa povu zuri sana. Zubeiri ananiita kwenye ua, anasema karabai yake sasa imeacha kunguruma. Naenda mara moja tu.